Kufuta diski kuu za ofisi ya chama, Langoni: shajara ya kazi

Jumatatu

Nimepokea leo kompyuta za kikundi kimoja cha akina mama cha kuweka na kukopa hapa Lamu, ambazo zilivamiwa na virusi na kukaa bila kutumika tangu wakati huo. Kamati imezigawa mafungu mawili. Kompyuta ya mezani ya katibu na kipakatalishi cha mweka hazina vitarudi ofisini vikishasafishwa, na zile za zamani zitapelekwa Matondoni, kwenye madrasa ambayo Maalim wake anataka kuwafungulia vijana darasa la kompyuta.

Barua niliyokabidhiwa inasema tu kwamba "virusi vyote vifutwe". Ndani ya maneno hayo mna kazi mbili zisizofanana, na nimeziandika kando mapema kwa sababu kila uamuzi utakaofuata utategemea ni ipi kati ya hizo inayotakiwa. Kazi ya kwanza ni kuhakikisha kwamba hakuna msimbo wa virusi utakaobaki mahali ambapo unaweza kuamka tena. Ya pili ni kuhakikisha kwamba nambari za vitambulisho, nambari za simu na madeni ya wanachama hayataweza kusomwa na mtu yeyote atakayeishika diski baadaye. Kompyuta inayorudi kwa mwenyewe inahitaji hasa ile ya kwanza, ilhali inayohamia mikononi mwa watu wengine inahitaji zote mbili. Anayezichanganya huishia ama kupoteza siku nzima akiandika sufuri mara nyingi zisizo na faida, ama kutoa diski isiyo na virusi lakini yenye daftari zima la mikopo.

Kuhusu virusi vyenyewe, dalili zilionekana kwenye flashi ya katibu. Nilipoifungua katika mashine yangu ya Linux (mfumo wa uendeshaji usio Windows), ambayo haiwezi kuambukizwa na faili za aina hiyo, niliona folda ya michango, folda ya barua na folda ya picha za mkutano mkuu, kila moja ikiwa na pacha wake: faili ndogo ya njia ya mkato, isiyozidi kilobaiti mbili, yenye jina lile lile na picha ya folda. Folda za kweli zilikuwa zimefichwa. Mtu akibofya ile njia ya mkato, kwanza huendeshwa hati iliyofichwa ndani ya flashi, kisha folda ya kweli humfungukia kana kwamba hapakuwa na lolote. Ujanja huu ulishamiri baada ya ule wa zamani kuzibwa. Conficker ya mwaka 2008 ilikuwa ikijiendesha yenyewe flashi inapochomekwa, lakini Microsoft ilipozima uwezo huo katika matoleo yake ya zamani mwaka 2011, waandishi wa virusi walilazimika kumfanya mtumiaji abofye kwa mkono wake mwenyewe.

Jumanne

Kazi ya leo ilikuwa kuokoa faili kabla ya kugusa diski yoyote. Nimewasha kila kompyuta kwa flashi ya Linux, nikaifungua diski yake kwa namna ya kusoma tu, na kunakili yale ambayo Bi Katibu aliyaorodhesha: majedwali ya michango, kumbukumbu za mikutano, barua na picha. Faili za programu, hati za aina ya VBS, njia za mkato na visakinishi vyote vimeachwa, hata pale ambapo jina lake lilionekana kuwa la heri. Majedwali yenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili) nimeyahifadhi upya katika muundo usiobeba makro. Jedwali moja la riba limepoteza kitufe chake cha kukokotoa, na Bi Katibu amesema kuwa ataweza kuishi bila hicho kitufe.

Jambo hili hupuuzwa sana. Watu huifuta diski kwa bidii zote, halafu wakarudisha nakala rudufu waliyoiweka wiki moja kabla pamoja na folda nzima ya vitu walivyopakua, na jioni ile ile virusi vikawa vimerudi nyumbani. Nakala niliyotoa imekaguliwa kwa antivirusi mbili tofauti na sasa imo katika diski ya nje ambayo haitachomekwa kwenye mashine yoyote ya ofisi mpaka kazi iishe.

Aidha nimewaomba wanakamati wabadilishe leo nywila za barua pepe ya chama na za akaunti nyingine zote zilizowahi kufunguliwa kwenye mashine hizi, na wafanye hivyo kwa simu zao, kwani nywila iliyokwisha kuibwa haiponi kwa kufuta diski.

Jumatano

Nimeanza na kompyuta ya mezani ya katibu, yenye diski ya sumaku ya gigabaiti 500. Mwenyekiti alipita karakana akauliza, "Kwani kuifomati hakutoshi, mwanangu?" Swali lake ni la haki na linastahili jibu refu.

Kufomati kwa haraka hakuigusi data. Huandika upya majedwali ya mfumo wa faili na kuacha yaliyomo mahali pake, sawa na kufuta majina katika daftari la mtaa huku wakazi wangali ndani ya nyumba zao. Kufomati kikamilifu ni habari nyingine: tangu Windows Vista, njia hiyo huandika sufuri katika sehemu nzima inayofomatiwa. Lakini hata hapo mipaka yake ni ile sehemu uliyoichagua, na diski ni pana kuliko sehemu ya C. Kuna sekta ya kwanza kabisa (sekta ni kipande kidogo cha diski), baiti 512 ambazo kompyuta za mtindo wa zamani huzisoma kabla ya Windows kuamka. Kuna nafasi kati ya sekta hiyo na mwanzo wa sehemu ya kwanza. Kuna mkia wa diski usiogawiwa. TDL4, aina ya virusi iliyojulikana mwaka 2010, iliiambukiza sekta ya kwanza na kuficha faili zake katika mkia huo, kwa hiyo mtu aliyefomati C na kusakinisha Windows upya angeweza kuvikuta virusi vikimsubiri. Diski zilizogawanywa kwa mtindo mpya zaidi uitwao GPT nazo huweka nakala ya pili ya jedwali lao mwishoni, na anayefuta mwanzo peke yake huiacha nakala hiyo nyuma.

Kabla ya kufuta niliitazama sekta ya kwanza kwa hexdump, programu inayoonyesha baiti za diski kama zilivyo. Haikuwa na ajabu: msimbo mfupi, ujumbe wa makosa ambao Windows huuweka pale, jedwali la sehemu, na mwishoni baiti mbili, 55 na AA, ambazo huitambulisha kuwa sekta ya kuwashia. Virusi vya njia za mkato havifiki huko, na sikutarajia kuvikuta. Hata hivyo nimeamua kuandika sufuri diski nzima, kuanzia sekta ya kwanza mpaka ya mwisho, kwa kuwa gharama yake ni saa moja na nusu hivi ya kusubiri, na pia kwa kuwa mashine hii itakuja kuuzwa siku moja na hakuna atakayekumbuka kuniita.

Kijana anayenisaidia alipendekeza mapito 35, yaani kuandika juu ya diski nzima mara 35, maana ameyaona katika programu ya kufutia. Idadi hiyo inatokana na makala ya Peter Gutmann ya mwaka 1996, na haikukusudiwa ifanywe yote kwa diski moja: ni mkusanyiko wa ruwaza za njia mbalimbali za kusimba zilizotumiwa na diski za enzi hiyo na za kabla yake. Gutmann mwenyewe aliongeza baadaye kwamba kuifanya yote kwa diski za kisasa hakuna maana. Kwa diski yetu mapito 35 yangechukua zaidi ya siku mbili mfululizo bila kuongeza usalama wowote ninaoweza kuuonyesha. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST 800-88, katika toleo lake la mwaka 2014, unaeleza kuwa kwa diski za sumaku pito moja la sufuri kwa kawaida linatosha kuzuia data isirejeshwe hata kwa vifaa vya maabara. Mimi huandika pito moja, kisha nikaisoma diski yote kuthibitisha, na ule usomaji ndio ninaoutegemea kuliko kuongeza mapito.

Jioni hexdump ilitoa kile ninachokitaka: mstari mmoja wa sufuri, kinyota kimoja kinachomaanisha kuwa mistari yote inayofuata inafanana na huo, na chini yake anwani ya mwisho, 7470c06000. Hiyo kwa hesabu ya kawaida ni baiti 500,107,862,016, yaani ukubwa kamili wa diski za aina hii. Kinyota hicho kikitokea mapema na kufuatiwa na mstari wa herufi, kazi haijaisha.

Alhamisi

Umeme ulikatika asubuhi na ukarudi baada ya adhuhuri. Kazi ya kufuta haikusimama, kwa sababu nimezoea kuziunganisha diski na kipakatalishi chenye betri nzima na kuziwekea UPS ndogo (betri ya akiba), lakini nimesogeza mbele diski kubwa ambayo betri isingemudu. Anayefanya kazi hii hapa kisiwani aipange kwa kufuata umeme, kwa sababu nwipe, programu ninayofutia, ikikatizwa katikati huanza upya. Aepuke pia kebo za USB za kizazi cha pili: diski inayomalizwa kwa saa moja na nusu ndani ya mashine huchukua saa nne hivi kupitia kebo hizo.

Diski moja kati ya zile za Matondoni imenipa jambo la kuandika. Nilipoiuliza kwa hdparm, programu ya kuihoji diski, idadi ya sekta zake, ilijibu kwa namba mbili, na ya kwanza ilikuwa ndogo kuliko ya pili. Maana yake ni kwamba mtengenezaji wa kompyuta alikuwa ametenga eneo lililofichwa mwishoni, pengine kwa ajili ya kurejesha mfumo kama ulivyotoka kiwandani, na mfumo wa uendeshaji haulioni eneo hilo kabisa. Programu ya kufutia inayouliza mfumo "diski ina ukubwa gani?" hujibiwa ukubwa wa uongo na kumaliza kazi kwa furaha huku kipande kizima kikiwa hakijaguswa. Nimelifungua eneo hilo kwanza, nikaizima diski na kuiwasha, nikahakikisha namba hizo mbili zinalingana, ndipo nikaanza kufuta. Sikuona dalili kwamba virusi viliwahi kulitumia.

Ijumaa

Nusu siku. Diski mbili za Matondoni zimefutwa na kusomwa baada ya sala. Zote ni safi.

Jumamosi

Kipakatalishi cha mweka hazina kina SSD, diski ya chipu isiyo na sahani za sumaku, na hapa yote niliyoyaandika Jumatano yanabadilika.

Katika diski ya sumaku, ukiandika kwenye sekta ya kumi, unaandika juu ya yale yaliyokuwamo katika sekta ya kumi. SSD haifanyi hivyo. Chipu zake huchakaa kwa kuandikwa, kwa hiyo kidhibiti kilichomo ndani husambaza maandishi ili seli zote zichakae sawasawa, na kila unapoandika "juu ya" kitu, data mpya huwekwa mahali pengine na ile ya zamani hubaki mpaka kidhibiti kitakapopata wasaa wa kuifuta. Tena kuna akiba ya seli ambazo mtumiaji haonyeshwi kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walizipima diski hizi mwaka 2011 na kuonyesha kwamba kuandika juu ya faili mojamoja hakuaminiki, na kwamba hata amri za kujifuta zilizowekwa na watengenezaji hazikutekelezwa ipasavyo katika baadhi ya diski walizozijaribu.

Njia inayofaa ni kuiamuru diski ijifute yenyewe, kwa amri ya kufuta kwa usalama iliyomo katika kanuni za ATA, lugha ambayo kompyuta huzungumza na diski. Diski ilipoulizwa ilijibu kwamba imegandishwa: BIOS nyingi (programu za kuwashia zilizo kwenye ubao mama) huzifunga amri hizi wakati wa kuwasha, ili virusi visije vikaiwekea diski nywila na kumfungia mwenyewe nje. Dawa yake ni kukilaza kipakatalishi usingizi kisha kukiamsha, na mara nyingi diski huamka ikiwa haijagandishwa, kama ilivyokuwa leo. Baada ya hapo huwekwa nywila ya muda ndipo amri itolewe. Nywila hiyo iwe nyepesi na iandikwe karatasini, kwa sababu umeme ukikatika kati ya hatua hizi mbili diski hubaki imefungwa, na hufunguliwa kwa nywila hiyo hiyo. Diski ichomekwe moja kwa moja kwenye ubao mama, kwani kebo nyingi za USB hazizipitishi amri hizi.

Kazi iliisha kwa muda mfupi kuliko wa kupika chai. Hexdump ilionyesha sufuri tupu, lakini sikuiandika sufuri hiyo kama ushahidi. Kidhibiti cha SSD kinaweza kujibu sufuri kwa anwani ambayo kimeisahau tu, ilhali seli zenyewe bado zina umeme wa data ya zamani. Kwa hiyo fomu itasema kuwa amri ilikubaliwa na kukamilika, bila kuzidisha hapo. Kwa kazi ya kwanza, ile ya virusi, jibu hili linatosha kabisa, maana msimbo usioweza kusomwa hauwezi kuendeshwa. Kwa kazi ya pili, kama kipakatalishi hiki kingekuwa kinaondoka mikononi mwa chama, nisingekitoa pamoja na SSD yake. Nitakisakinisha upya diski ikiwa imesimbwa yote, isisomeke bila ufunguo, tangu siku ya kwanza, ili siku ya kuachana nayo iwe kazi ya kuharibu ufunguo mmoja.

Mweka hazina aliuliza kama virusi vinaweza kujificha nje ya diski. Vinaweza. LoJax, iliyofichuliwa mwaka 2018, ilijiandika katika chipu ya ubao mama yenye programu ya kuwashia, na kubadilisha diski hakukuiondoa. Vitu vya aina hiyo hulenga wizara na majeshi, wala si daftari la michango ya Langoni. Hata hivyo toleo jipya la BIOS lilikuwepo katika tovuti ya mtengenezaji, nami nimeliweka, kwa kuwa lilipaswa kuwekwa zamani hata bila virusi.

Jumatatu

Diski moja ya zamani imegoma. SMART yake, ripoti ya afya ambayo diski hujitolea, inaonyesha sekta nyingi mbovu zilizohamishwa (diski imezibadilisha na za akiba) na nyingine zinazosubiri kuhamishwa, na nwipe imerudisha makosa ya kuandika. Sekta iliyokwisha kuhamishwa haifikiwi tena kwa kuandika, lakini yaliyokuwamo bado yamo, na diski hii ndiyo iliyobeba nakala za vitambulisho. Nimeishauri kamati isiipeleke popote bali iharibiwe, nayo imekubali.

Mmoja wa wanakamati alipendekeza sumaku ya spika. Nimeifungua diski mbele yake na kumwonyesha sumaku mbili zinazoendesha mkono wa kusomea: zina nguvu kiasi kwamba bisibisi ilinasa na kuniponyoka, nazo zimekaa karibu na sahani za data tangu siku diski ilipotoka kiwandani bila kuidhuru herufi moja. Mashine maalumu za kuondoa usumaku zipo, ila si za bei yetu, na kwa SSD hazina faida yoyote.

Tumekwenda kwa fundi wa kuchonga milango, ambaye ana keekee ya umeme ya kusimama, akatoboa matundu kupitia kasha na sahani zake. Hii ilikuwa diski ya inchi 3.5 na sahani zake ni za alumini, zilitobolewa kama bati. Sahani za diski ndogo za vipakatalishi aghalabu ni za kioo na hupasuka vipandevipande, kwa hiyo miwani ya kukinga macho haikwepeki. Fundi alitaka kujua kama zile sumaku zina mwenyewe. Amezichukua kwa ajili ya kushikia patasi zake ukutani.

Jumanne

Windows imesakinishwa upya kwenye mashine mbili za ofisi, masahihisho yamewekwa, na kila mtumiaji ana akaunti isiyo na mamlaka ya kusakinisha programu. Nakala zimerudishwa baada ya kukaguliwa tena. Mashine za Matondoni zimepewa Linux, kwa kuwa hazifikii masharti ya Windows 11 na Windows 10 imeachwa kuhudumiwa tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Flashi zote zilizokusanywa zimefutwa na kufomatiwa, isipokuwa ya mwanakamati aliye Mombasa, ambayo imeandikwa katika fomu kuwa haijapokelewa.

Fomu yenyewe nimeiandaa kwa kila diski peke yake: nambari yake ya kiwandani, ukubwa, aina, njia iliyotumika, namna ilivyothibitishwa, tarehe na sahihi. Nilipoisoma kwa sauti, Bi Katibu aliuliza karatasi zote hizi ni za nini. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika habari za watu asizikalie zaidi ya muda zinapohitajika, na muda huo ukiisha azifute au aziondolee utambulisho. Mwanachama akija kuuliza nakala ya kitambulisho chake ilikwenda wapi, chama kiwe na cha kumwonyesha. Kwa diski ya SSD, safu ya uthibitisho inasema "amri ya diski imekamilika, usomaji si ushahidi". Kwa ile iliyotobolewa inasema "imeharibiwa mbele ya katibu", naye ametia sahihi.

Bado ada ya keekee haijalipwa. Mashine za Matondoni zimefungwa na zitapakiwa kesho maji yakijaa, nami nitasafiri nazo kwenda kuziunganisha.